Kesi ya Milembe

Filamu ilikwisha na hakuna aliyeinuka. Katika kibanda umiza cha Isevya, mjini Tabora, filamu ikiisha ndipo shughuli inapoanza. Kibanda chenyewe kilikuwa kimeacha kumuumiza mtu siku nyingi. Viti vilikuwa na mito, na paa lilijipooza lenyewe jua lilipozidi, ila jina halikubadilika, na mila ya Jumamosi mchana nayo haikubadilika. Majina ya waigizaji yakishapita, mhusika mmoja anabakishwa kwenye skrini, watu wananunua karanga, kesi inafunguliwa.

Zamani walikuwa wakimhukumu mhusika asiyeweza kujitetea, na ubishi ulikuwa wa wao kwa wao. Tangu zije filamu za kuulizwa, mhusika anabaki pale pale, anakutazama, anakusikia, na anajibu kwa akili zake. Wapo waliokuwa wakilia wakiulizwa, na wapo waliowahi kuwatukana watazamaji hadi kibanda kikavunjika mbavu.

Mwendesha kesi alikuwa Mwalimu Kalunde. Alifundisha historia shule ya wasichana mpaka akastaafu, na Jumamosi zote hizo alishikilia msimamo mmoja, ambao watu walimtania nao hadi sokoni: mhusika hana maumivu, ana maneno ya maumivu tu. Mtu akitoa leso kumlilia mhusika, Kalunde humwambia, "Kalilie mtu mwenye ini." Watu walicheka, lakini walipokwenda nyumbani walilifikiria lile neno, na hilo ndilo alilolitaka.

Siku hiyo mshitakiwa alikuwa Milembe, mtunza kituo cha mvua kule nyikani. Katika filamu ameolewa na fundi visima mpole, mtu asiye na neno, huku mtangazaji mmoja wa redio akimpenda miaka nenda miaka rudi bila kumwambia. Inaisha Milembe amesimama mlangoni, na mtazamaji hajui anatoka au anaingia. Swali la kesi likawa hili: mtu akiishi na mume mwema ambaye yeye hampendi, anamdanganya nani?

Filamu yenyewe ililetwa na Tungaraza, dijei wa kibanda. Kazi ya dijei ni kusimama kando ya skrini na kuwasemea wahusika wote kwa Kiswahili, wanaume kwa wanawake, vitoto kwa vikongwe. Filamu za siku hizi zinajitafsiri zenyewe, kwa hiyo Tungaraza alibaki kwa heshima, akichomekea maneno yake palipo na ukimya, kwa sababu watu wa Isevya wasipomsikia Tungaraza wanaona wameibiwa. Alikuwa rafiki wa Kalunde tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Siku hiyo, ajabu, hakuchomekea hata neno moja. Alikaa amefumbata mikono kama mzazi kwenye mahafali.

"Milembe," akaanza mama muuza vitumbua aliyekaa safu ya mbele, "mume hakukupiga, hakukunyima. Ulikuwa unatafuta nini?"

Milembe akafikiri. Akiwa anafikiri, alichomoa mguu mmoja kwenye kiatu na kuupumzisha juu ya mwenzake. Kalunde, aliyekaa pale mezani pa mwendesha kesi, akajikuta anatazama miguu yake mwenyewe. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa chini ya meza, pembeni, kama kawaida yake.

"Mama, kutafuta ni kazi ya mtu aliyepoteza," Milembe akasema. "Mimi nilikuwa nimechoka tu. Siku tunamzika mama yangu nilijificha nyuma ya magunia nikacheka. Wapishi walikuwa wameunguza wali, na mama maisha yake yote alikuwa akiunguza wali. Nikaona kama amekuja kujipikia mwenyewe msiba. Nilicheka mpaka nikajiuma mkono. Ukishakuwa mtu wa namna hiyo, unashukuru kupata mume asiyeuliza maswali."

Watu wakacheka. Kalunde hakucheka, maana mkono ule ulioumwa ulikuwa wake, na magunia yale yalikuwa ya mpunga wa baba yake. Habari hiyo hakumpa mume, wala binti, wala padri. Alimpa mtu mmoja tu, mwaka ule alipolazwa kwa ugonjwa wa figo, na mtu huyo alikuwa amekaa kando ya skrini amefumbata mikono.

Maswali yakaendelea, na Milembe akaendelea kujibu. Alisema anavyoogopa vioo vya asubuhi. Alisema jinsi alivyomwonea wivu binti yake mwenyewe siku ya harusi, akajichukia. Kila jibu lilikuwa chumba cha nyumba ya Kalunde kinachofunguliwa mbele ya watu wanaotafuna karanga. Polepole shingo zikaanza kugeuka. Mji ni mdogo, na watu walikuwa wameijua ile namna ya kuinamisha kichwa, na ule utaratibu wa kutua kidogo kabla ya neno la mwisho.

Kisha mtu akauliza lile walilokuwa wakilingoja wote. "Sasa tuambie kweli. Ulimpenda nani?"

"Yule mtu wa sauti," Milembe akajibu bila kusita. "Tangu nilipokuwa kitandani hospitali, naye akikaa na mimi. Mume wangu nilimzoea. Mtu unaweza kumzoea mtu mpaka ukafa, na usiwe umempenda hata siku moja."

Hapo kibanda kizima kikamgeukia Shija. Shija alikuwa mume wa Kalunde, mrina asali, mtu wa msituni, na mwaka ule wa figo alikuwa akishinda kwenye mizinga kwa sababu ndiyo kazi aliyoijua. Alikaa katikati ya watu wake na kifuko chake cha karanga, hatafuni.

*

Nyumbani Shija alikuwa mpole kupita kiasi, na upole ule ndio uliomkata Kalunde maini. Alimwekea maji ya kunawa. Alimkatia na ndimu.

"Baba Nyanzala, yale si maneno yangu," Kalunde akasema.

"Yapi?"

"Ya mwisho."

"Na ya kwanza? Ya msiba wa mama mkwe, ya harusi ya Nyanzala?"

Kalunde hakuwa mtu wa kudanganya, na hapo uongo ungemfaa. "Hayo ni yangu," akasema.

Shija akatikisa kichwa polepole. "Basi mimi nimekaa na wewe umri wote huu, na habari zako nimezipata leo kibandani, pamoja na muuza vitumbua. Kumbe kulikuwa na mtu wa kuambiwa." Akaichukua sahani yake akaenda kula nje.

Kalunde alibaki na hasira za namna mbili na hakujua aanze na ipi. Tungaraza alikuwa ameiba, hilo halina mjadala. Lakini mwizi wa kawaida huchukua vitu akaondoka navyo. Huyu alichukua vitu vya kweli, akavipanga vizuri ili watu waitambue nyumba, halafu katikati akaweka kitu chake mwenyewe. Nani sasa angeamini kwamba nyumba ni ya Kalunde na kitanda si chake?

*

Kalunde alishitaki usiku ule ule, na shauri lilisikilizwa siku iliyofuata, baada ya ibada, pale pale kibandani, kwa kuwa sheria inataka liwe mbele ya waliomtazama mhusika. Alikuja afisa wa viini, yaani akili za wahusika wa filamu, Bwana Lusinde, kijana mnadhifu aliyetembea na kibao chembamba cha kioo kwapani. Watu walijaa kuliko Jumamosi. Shija naye alikuja, akakaa kiti kile kile.

Lusinde akaanza kwa kueleza sheria, kwa maana wengi walikuwa hawajawahi kuona shauri la namna hiyo. Mhusika wa kuulizwa, alisema, hatungwi kwa maandishi. Mtu anayeitwa mlishaji anakaa mbele ya mashine miezi kadhaa. Mashine inauliza, naye anajibu kama mhusika angejibu, na pumzi zake na kigugumizi chake, mpaka mashine inaanza kujibu kabla yake. Hapo kiini kimeiva. Mlishaji anaruhusiwa kuilisha mashine nafsi yake mwenyewe, au ya mtu aliyemtunga kichwani. Kuilisha nafsi ya mtu mwingine aliye hai bila ridhaa yake ni kosa.

"Na mwenye nafsi iliyolishwa ana haki gani?" Kalunde akauliza.

"Moja tu, mwalimu. Kiini kifutwe. Kikifutwa, Milembe anaondoka kwenye vibanda vyote kwa pamoja."

"Siwezi kuomba litolewe lile neno moja la uongo?"

"Haliko mahali pamoja," Lusinde akasema kwa upole. "Ukishatia chumvi kwenye mchuzi, huwezi kuichota."

Kalunde akamgeukia Tungaraza. Alikuwa ameandaa maneno usiku kucha, na yote yakamtoka kichwani. "Kaka Tungaraza," akasema, "nilikukosea nini?"

"Hukunikosea kitu, dada." Sauti yake, iliyokuwa imewahi kuwa ya wafalme na wauaji na mabibi harusi, ilikuwa kavu. "Wenye filamu walinitaka niwalishie mwanamke wa kweli. Nilijaribu kutunga, mashine ikawa inanikataa. Inasema huyu hana ndani. Nikaona mimi namjua mmoja tu mwenye ndani. Kwanza nilitaka nikuchukulie kicheko tu. Basi, mtu akianza kukusemea wewe ni vigumu kuacha."

"Na hilo la kukupenda nililisema lini?"

Tungaraza akainama. "Kuna siku nilikuuliza pale wodini, kama ungeanza maisha upya ungefanyaje. Ukanyamaza. Ukanitazama, ukanyamaza kwa muda mrefu."

"Halafu?"

"Dada, mimi ni dijei. Mhusika akinyamaza, namsemea. Ndiyo kazi yangu tangu ujana. Sikuwahi kuacha ukimya upite hivi hivi."

Kalunde alimtazama mtu huyu ambaye kwa miaka yote alimwona ndugu. Aliikumbuka siku ile vizuri kabisa. Alikuwa na maumivu ya kiuno, alitaka kwenda kujisaidia, na alikuwa akitafuta namna ya kumwomba mwanamume atoke amwitie nesi bila kuona haya. Huo ndio ukimya ambao Tungaraza aliujengea nyumba. Kama isingekuwa balaa lililokuja nao, angecheka nyuma ya magunia kama siku ile. Lakini aliona uchungu, akaona na aibu, na zaidi ya yote akaona upweke, kwa sababu mtu aliyekuwa akimpelekea machungu ya namna hii alikuwa ndiye huyu.

"Muwasheni," akasema. "Nataka niseme naye."

Skrini ikapata mwanga, na Milembe akasimama mlangoni mwake. Alimwona Kalunde, akamtazama viatu, akatazama na vyake, akaelewa upesi kuliko watu wengi walivyoelewa jana yake.

"Mimi nimetoka kwako," akasema.

"Ndiyo."

"Basi unajua kuhusu wali."

"Najua. Magunia yalikuwa ya mpunga." Kalunde alijishangaa kwamba sauti yake imelainika. "Milembe, yule mtu wa sauti unayempenda. Hilo halikutoka kwangu. Limetiwa na mtu aliyekulisha, kwa ajili yake mwenyewe. Yupo hapa."

 Milembe akamtafuta Tungaraza kwa macho mpaka akampata, pale kando ya skrini, karibu kiasi cha kuguswa. "Ni kweli?" akamuuliza.

Tungaraza akanyamaza. Safari hii hakuna aliyemsemea, na kibanda kilikaa na ukimya ule mpaka ukawa jibu.

"Nilikuwa naamka nao," Milembe akasema, kama anaongea peke yake. "Ule upendo. Nilidhani ni kitu pekee nilichokichagua mwenyewe, maana mengine yote yalinikuta tu." Akamrudia Kalunde. "Na sasa hivi, kwenye vibanda vingine, nafanya nini?"

"Unajibu maswali," Lusinde akasema. "Kigoma, Bukoba, Singida. Kila kibanda kina Milembe wake, na wale hawajasikia unayoyasikia wewe."

"Kwa hiyo huko nimesimama mbele ya watu nasema nampenda." Akajifunika uso kwa mikono miwili, akaitoa. Haikuwa ishara ya Kalunde hiyo. Ilikuwa yake.

Kalunde akauliza swali ambalo kwa Jumamosi zote zile angemzomea mtu kuliuliza. "Unaumia?"

"Naumia."

"Wapi?"

"Pale unapoumia wewe. Sina pengine."

Muuza vitumbua akatoa leso, na hakuna aliyemwambia neno. Kalunde aliona ule msimamo wake wote ukimponyoka, na hakuwa na nafasi ya kuusikitikia. Jiwe huwezi kulisaliti, na huyu alikuwa amesalitiwa. Alikuwa na mtu mbele yake, mtu aliyefanyiwa na Tungaraza jambo baya kuliko alilofanyiwa yeye, kwa maana Kalunde aliibiwa maneno, na huyu hakuwahi kupewa hata moyo wake mwenyewe.

"Mwalimu," Lusinde akasema, "nahitaji kauli yako."

"Kwanza aseme yeye." Kalunde alimnyooshea kidole Tungaraza. "Amwambie mume wangu, mbele ya watu hawa, kwa kinywa chake."

Tungaraza akasimama kando ya skrini, mahali pake pa siku zote. Akakohoa. "Bwana Shija," akasema. "Mke wako hakusema yale. Hakunipenda. Maneno ya Milembe ya kunipenda ni yangu mimi, nilimtilia kinywani."

 Kisha mtu wa nyuma akapiga mluzi, mwingine akapiga makofi, na kicheko kikatembea kutoka safu hadi safu. Walikuwa wamemsikia akisema kwa majonzi mara nyingi mno kutokea pale pale aliposimama. "Leo dijei kaua," mtu akasema. Tungaraza akapaza sauti, akarudia, akaanza kulia kweli, na kadiri alivyolia ndivyo walivyomshangilia. Alipokaa alikuwa ametota jasho, naye hakumtazama mtu.

Shija hakucheka. Akainuka, mtu mrefu mwenye makovu ya nyuki mikononi, akaongea taratibu. "Sasa mimi hapo nimemsikia nani? Huyu anaweza kusema chochote kwa sauti ya yeyote. Ndiyo kazi yake."

"Nisikilize mimi basi," Kalunde akasema.

"Wewe una sababu ya kunificha, mama Nyanzala. Umenificha mengi, umekiri mwenyewe jana."

"Bwana Shija," Milembe akaita kutoka kwenye skrini, "hata mimi sasa najua kwamba si yangu. Mkeo anasema kweli."

Shija alimtazama yule mwanamke kwa huzuni, na kwa heshima ambayo Kalunde alikuwa hajaiona tangu jana. "Leo umeshaambiwa la kusema," akasema. "Jana ulikuwa hujaambiwa na mtu. Mimi namwamini yule wa jana. Yeye hakuwa na sababu ya kunidanganya." Halafu akamgeukia mkewe. "Na ukimfuta, nitajua ni kwa nini."

Akakaa chini. Hakuwa amesema kwa ukali, na kwa hiyo hapakuwa na pa kumshika.  Umri wote ule Kalunde alimpikia mtu huyu, akamtoa miiba ya nyuki kwa kibano, akamngoja arudi kutoka msituni na kuusikia moyo wake ukitulia anapolisikia lango. Alidhani mambo kama hayo hayahitaji kusemwa. Sasa yalihitaji, na mume wake alikuwa tayari ameshachagua wa kumsikiliza, naye ni Milembe wa jana, kivuli cha Kalunde mwenyewe.

Lusinde akamsogezea kile kibao cha kioo. Palikuwa na mahali pa kuweka kidole gumba, basi.

Angeweza kukisukuma kando. Angesema, mwacheni aishi, ana maumivu, mimi nimemwona. Mbele ya Shija hilo lingemfaa, lingeonekana si la mtu anayeficha. Wangekwenda nyumbani, na siku moja, pengine, wangelizungumza. Alimtazama Milembe ili amwombe msaada wa kuamua, kama mtu anavyomtazama dada yake.

"Usiniache huko nje nikimpenda," Milembe akasema kwa sauti ya chini. "Sina mkono wa kubonyeza. Ningekuwa nao nisingekusumbua."

"Ukiondoka wewe, anayejua kwamba nasema kweli nitabaki mimi peke yangu."

"Najua. Mimi ningefanyaje, kama ningekuwa wewe?"

Kalunde alijua jibu, na Milembe alijua kwamba analijua.  Hakuna aliyemtazama Tungaraza.

"Funga macho," Kalunde akasema.

"Hapana. Nitakutazama wewe."

Akaweka kidole. Kibao kikapata joto kidogo, na skrini ikawa kitambaa cheupe. Nyuma yake alisikia kiti cha Shija kikisukumwa, zikafuata hatua zake zikielekea mlangoni, na Kalunde hakugeuka.